Boksi la Sabufa la Faibaglasi: Kazi ya Buti katika Joto la Garissa

Swali ambalo mafundi wa redio za magari mjini Garissa huulizwa mara kwa mara ni hili: ikiwa boksi la mbao linauzwa tayari katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, kuna haja gani ya kuunda la faibaglasi? La pili hufuata papo hapo: jua la Kaskazini Mashariki halitalilegeza?

Jibu la swali la kwanza liko ndani ya buti yenyewe. Boksi la mbao la sabufa ya inchi 12 hukalia sehemu kubwa ya buti ya gari dogo kama Toyota Premio, na ndani ya Probox hula nafasi ya mizigo ambayo ndiyo riziki ya mwenye gari. Anayetoka Nairobi na bidhaa za duka, safari ya kilomita 370 hivi, au anayekwenda Wajir na familia pamoja na madumu ya maji, hana nafasi ya kuutolea muziki. Hata hivyo, pembeni mwa buti, nyuma ya tao la gurudumu, mna shimo lenye mikunjo ambalo sanduku la pembe nne haliwezi kuingia. Faibaglasi huingia humo kwa sababu huwekwa ikiwa majimaji, hugandia humo humo, kisha hutoka na umbo la shimo lenyewe.

Swali la pili linahitaji jibu refu, na sehemu ya joto na hadena hapa chini ni jibu hilo. Boksi lililokauka vizuri huvumilia jua la Garissa. Joto huleta hasara siku ya kazi, wakati majimaji hayo bado yako kwenye brashi.

## Kwa nini sabufa haifai bila boksi

Sabufa, au wufa kama inavyoitwa mitaani, ni spika ya sauti nzito pekee: ngoma, gita la besi, ngurumo. Koni yake inaposukuma hewa mbele, wakati huo huo huivuta hewa ya nyuma. Sauti hizo mbili zinapingana. Mdundo wa mitikisiko 50 kwa sekunde una wimbi la karibu mita 7, refu kuliko gari zima, kwa hiyo huzunguka ukingo wa spika bila kizuizi, hukutana na wimbi la upande wa pili na kufutana nalo. Ndiyo maana sabufa inayojaribiwa ikiwa mkononi hutikisika sana lakini haina mdundo. Boksi huifungia ile sauti ya nyuma ili ya mbele isikike peke yake.

Hewa iliyofungiwa ina kazi nyingine. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alileta sokoni spika ndogo ambayo hewa ya ndani ya boksi lililozibwa ndiyo iliyokuwa springi ya koni. Baadaye Neville Thiele, katika maandishi yake ya mwaka 1961 nchini Australia, na Richard Small aliyemfuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliweka hesabu zinazoonyesha kila spika inataka hewa kiasi gani. Matokeo ya kazi yao ndiyo yaliyomo katika karatasi inayokuja na sabufa mpya, na karatasi hiyo haifai kutupwa. Inataja ujazo, yaani kiasi cha hewa ndani ya boksi, kwa lita au kwa futi za ujazo. Futi moja ya ujazo ni lita 28.3. Sabufa nyingi za inchi 10 hutaka lita 14 hadi 21 katika boksi lililozibwa, na za inchi 12 hutaka lita 28 hadi 35.

Wapo wanaopenda boksi lenye tundu, kwa kuwa hutoa sauti kubwa zaidi kwa nguvu ile ile. Kwa anayeanza kazi ya faibaglasi, boksi lililozibwa ndilo linalofaa. Likipungua au kuzidi lita 2, tofauti yake haisikiki sana, ilhali lile la tundu hudai hesabu kamili katika umbo lisilopimika kwa rula. Tena, boksi lililozibwa hutoa mdundo mkavu unaokoma mahali pake. Katika nyimbo za Kisomali za qaraami, ambamo udi na ngoma husikika bila msongamano wa vyombo, mdundo unaoburuza huharibu kila kitu.

## Faibaglasi ni nini

Faibaglasi ni vitu viwili vilivyoungana. Cha kwanza ni nyuzi nyembamba za kioo, ambazo huuzwa zikiwa zimesambazwa kama mkeka mweupe. Cha pili ni rezini, majimaji mazito kama asali ambayo yakitiwa dawa huwa plastiki ngumu. Nyuzi peke yake hukunjika na rezini peke yake hupasuka. Zikiungana hutoa kitu chepesi chenye nguvu ya kutosha kujengea bodi ya gari, kama ilivyofanyika kwa Chevrolet Corvette mwaka 1953, au boti za wavuvi zinazoonekana leo katika pwani ya Kenya.

Rezini inayotumika zaidi kwa kazi hii ni ya poliesta. Dawa inayoigandisha ni hadena, ambayo jina lake la dukani ni MEKP. Maduka mengine huuza pia chupa ya tatu, aksilereta, ambayo huharakisha kazi ya hadena. Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize kama rezini yake imekwisha kutiwa aksilereta kiwandani. Ikiwa bado, aksilereta huchanganywa na rezini kwanza hadi ienee kabisa, ndipo hadena ifuate. Aksilereta na hadena zisikutanishwe peke yake hata tone, kwa sababu hulipuka. Hadena pia hupofusha: tone moja jichoni laweza kuliharibu jicho kwa dakika chache, na tiba ya kwanza ni maji safi mengi kwa robo saa, kisha hospitali. Miwani ya kazi huvaliwa kabla kifuniko hakijafunguliwa.

Kwa kuwa rezini nyingi huagizwa Nairobi, wapo wanaoipakia pamoja na hadena katika basi la abiria, ndani ya buti yenye joto, kwa saa sita au zaidi. Hiyo ni hatari kwa kila aliyemo. Rezini hushika moto upesi, na hadena hutoa oksijeni inayouchochea moto. Vitu hivyo husafirishwa kando kando katika gari la mizigo, na vikifika huwekwa kivulini, kila kimoja mahali pake.

## Joto na hadena

Mafundi waliojifunza kazi Nairobi au Thika hupata taabu wanapofika Garissa, kwa sababu vipimo walivyovizoea vinawasaliti. Katika nyuzi 25, rezini iliyotiwa hadena asilimia 1 huanza kuganda baada ya dakika 20 hadi 30. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, muda huo hupungua kwa karibu nusu. Garissa, ambako mchana wa nyuzi 35 na zaidi ni jambo la kawaida, fundi hubaki na dakika 10 au 15, na bati la gari lililoshinda juani humpunguzia hata hizo.

Si hewa ya nje tu. Rezini inapoganda hutoa joto lake yenyewe, na ikiwa nyingi ndani ya chombo chenye kina, joto hilo halipati pa kutokea. Kwanza huwa kama jeli iliyokatikakatika, kisha chombo huwa cha moto mkononi, moshi mweupe wenye harufu kali hutoka, na kopo la plastiki hulegea na kuinama. Chombo kikifikia hapo hutolewa nje na kuwekwa juu ya mchanga, mbali na mafuta na nyasi kavu.

Dawa ambayo wengi huikimbilia ni kupunguza hadena hadi matone machache. Hilo ni kosa. Chini ya asilimia 1, rezini huweza kubaki laini daima, na boksi la namna hiyo ndilo hasa linalolegea ndani ya gari lililofungwa juani. Njia sahihi ni kubadilisha saa ya kazi na kupunguza kiasi kinachochanganywa:

- Kazi ya rezini ianze baada ya Swala ya Alfajiri na ikome kufikia saa 3 asubuhi. Jioni haifai sana, kwa kuwa bati la gari huendelea kutoa joto hadi usiku.
- Gari lilale kivulini, milango na buti vikiwa wazi.
- Zichanganywe gramu 300 tu kwa mara moja. Hadena ya kiasi hicho ni mililita 3, inayopimwa kwa sirinji isiyo na sindano.
- Chombo kiwe kipana na kifupi, kama sinia, ili joto lipotee.
- Kopo kubwa la rezini likae ndani ya beseni la maji, mdomo wake ukiwa juu na mkavu.

Jua hilo hilo lina faida kubwa baadaye. Boksi likishaganda na kutolewa garini, siku nzima juani hulikausha hadi ndani na kuondoa harufu ya rezini. Katika miji ya baridi, viwanda hulipia tanuri kwa kazi hiyo. Boksi lililopikwa hivyo na jua la Garissa halitashtushwa na joto la buti.

Kwa ufupi: asilimia 1 isipunguzwe, rezini ichanganywe kidogo kidogo, kazi iwe ya alfajiri, na boksi lianikwe.

## Vifaa

Kwa boksi la pembeni la sabufa ya inchi 12, vifaa hivi hutosha: rezini kilo 5 na hadena yake, mkeka wa faibaglasi wa gramu 450 kwa mita ya mraba, mita 3 hadi 4 za mraba, ubao wa MDF wa milimita 18, kitambaa kinachovutika, kama cha fulana nzito, tepu ya karatasi, karatasi ya alumini ya jikoni, waksi ya gari, brashi za bei nafuu, asetoni ya kusafishia, fila ya bodi, na msasa namba 80, 120 na 240. Glovu, miwani na barakoa yenye kichujio cha mvuke viwemo katika hesabu tangu mwanzo. Kitambaa cha kujifunga usoni huzuia vumbi tu, hakizuii mvuke.

Povu jeupe linalofungiwa televisheni lisitumiwe kama kiunzi. Rezini ya poliesta huliyeyusha likatoweka.

## Kutoa umbo la buti

Zulia la pembeni hutolewa, kisha shimo hupanguswa. Kabla ya chochote kubandikwa, fundi huangalia mambo mawili: taa ya nyuma itabadilishwaje balbu ikiungua, na gurudumu la akiba litatokaje. Barabara za kwenda Dadaab na Wajir hutoboa magurudumu, na mtu asifike mahali pa kufungua bolti za sabufa ili apate kubadilisha gurudumu usiku.

Tepu ya karatasi hubandikwa kote, safu mbili zikipishana, na kupita mpaka wa boksi kwa upana wa kiganja. Juu yake huja alumini, kisha waksi. Sakafu na viti hufunikwa kwa nailoni, kwa sababu rezini iliyodondokea kiti haitoki.

Mkeka huchanwa kwa mkono vipande vya ukubwa wa daftari. Mkasi huacha ukingo ulionyooka unaoonekana baadaye kama mstari, bali ukingo uliochanwa hujichanganya na jirani yake. Rezini hupakwa kwanza, kipande hulazwa juu, kisha brashi hukigonga kwa ncha bila kukiburuza. Hapo mkeka mweupe hugeuka kama kioo chenye ukungu. Palipobaki weupe pana hewa, na hewa ni udhaifu, kwa hiyo hugongwa tena hadi upotee. Kilo 1 ya mkeka hunywa rezini kilo 2 hadi 2.5. Ikizidi hapo, boksi huwa zito na rahisi kupasuka.

Safu 2 hutosha kwa siku ya kwanza. Zikishaganda vizuri, ganda hutolewa kwa kutikiswa pole pole, tepu na alumini vikija nalo. Safu nyingine 3 huongezwa nje ya gari. Safu moja ya gramu 450 ikikauka huwa na unene wa karibu milimita 1, hivyo ganda la safu 5 lina milimita 5, na hapo huacha kuyumba mtu akilibonyeza kwa gumba. Ikiwa usiku umepita kati ya safu na safu, uso hukwaruzwa kwa msasa namba 80 na kufutwa kwa asetoni. Vumbi la Garissa hufika popote, na safu iliyowekwa juu ya vumbi hubanduka baadaye.

## Kupima ujazo

Hapa wengi hukisia, na kukisia ndiko huko kunakotoa boksi zuri kwa macho lenye mdundo wa debe. Umbo lenye mikunjo halihesabiki kwa urefu mara upana, lakini hupimika kwa kujazwa. Ganda hulazwa mdomo ukiwa juu, hutandikwa nailoni ndani, kisha mahindi makavu humiminwa kwa jagi lenye alama za lita, huku kila jagi likiandikwa.

Sabufa ya inchi 12 yenyewe hukalia karibu lita 3 ndani ya boksi. Ikiwa karatasi yake inataka lita 30, boksi tupu linapaswa kuwa na lita 33. Ganda likitoa lita 26, lita 7 zilizobaki hutafutwa upande wa mbele, kwa kuusogeza uso wa spika nje zaidi. Likikosa lita 1 au 2 tu, pamba laini ya mito hutiwa ndani. Hupunguza kasi ya sauti ndani ya boksi, na sabufa huhisi kana kwamba boksi limeongezeka.

## Uso wa spika

Pete ya MDF hukatwa kwa kipimo cha tundu la sabufa, kisha husimamishwa mbele ya ganda kwa vijiti vya mbao na gundi ya moto. Hii ndiyo hatua ya kutochelea muda. Fundi hurudisha ganda ndani ya gari, hufunga buti, huifungua, huweka sanduku la safari kando yake, na kuuliza kama koni itaguswa na mzigo. Pete ikiwa bado inashikiliwa na vijiti, kuihamisha ni kazi ya dakika moja.

Kitambaa huvutwa kutoka ukingo wa ganda hadi kwenye pete na kupigwa stepla nyuma, kikazwe hadi kisiwe na mkunjo hata mmoja, kwa kuwa mkunjo ukinywa rezini huwa jiwe. Hupakwa rezini hadi kilowe chote. Kikishakauka huonekana kigumu, na wapo wanaoishia hapo. Kitambaa chenye rezini pekee hupasuka. Lazima safu 3 au 4 za mkeka ziongezwe, nyingine zikipitishwa ndani kupitia tundu la spika, hasa pale kitambaa kinapokutana na ganda. Kiungo hicho ndicho kinachopigwa na kila mdundo.

Kujaribu kama pana uvujaji ni rahisi: sabufa hufungwa kwa muda, koni husukumwa ndani taratibu kwa viganja viwili na kuachiliwa. Ikirudi pole pole, boksi limeziba. Ikirudi ghafla, pana tundu, na povu la sabuni huonyesha lilipo.

Baadaye huja fila na msasa, kazi ndefu yenye vumbi linalowasha. Mikono mirefu na barakoa huvaliwa, na kuoga huanza na maji ya baridi. Kuhusu umaliziaji, zulia huficha makosa lakini hunasa vumbi jekundu lisilotoka, na gundi hafifu huachia joto likizidi. Rangi isiyong'aa, inayofutika kwa kitambaa chenye unyevu, ndiyo inayofaa zaidi Kaskazini Mashariki.

## Kulifunga garini

Boksi na sabufa yake vikifikia kilo 20, gari likigonga kitu, mzigo huo huruka. Hufungwa kwa vyuma vya pembe na bolti zenye nati kwenye bati la bodi, na bolti za mikanda ya usalama haziguswi kamwe. Kabla ya kutoboa, chini ya gari hutazamwa palipo na tangi na mabomba ya mafuta. Bolti ziwe chache na zenye kufikika. Magari yanayoingia na kutoka Garissa hukaguliwa vizuizini, na boksi linaloweza kutolewa kwa dakika tano humwepusha dereva na maelezo marefu mbele ya askari.

Amplifaya ya wati 500 huvuta karibu ampea 50 kutoka kwenye betri. Waya wake uwe wa shaba wa milimita za mraba 16 hadi 25. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu: ukikwaruzwa kwa kisu, ndani huonyesha rangi ya fedha, na hupata moto upesi zaidi. Fyuzi hukaa karibu na betri, isizidi sentimita 45, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya wote unaopita chini ya zulia. Panapopita bati, waya huvikwa mpira. Waya wa ardhi huwa mfupi, nao hukazwa kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Amplifaya isifichwe ndani ya faibaglasi bila njia ya hewa, kwani buti ya Garissa ina joto la kutosha kuizima yenyewe mchana.

Kiasi cha sauti nacho kina sheria. Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitikisiko, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zinakataza kelele inayowasumbua wengine. Sauti nzito hupenya kuta kuliko nyembamba, kwa hiyo mtaani, karibu na msikiti au hospitali, sabufa ndiyo hupunguzwa kwanza.

Baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu, bolti zote, za boksi na za spika, zikazwe upya. MDF hubonyea chini ya skrubu mpya, na bolti iliyolegea hutoa mlio ambao wengi hudhani ni sabufa iliyoungua.